Mkeka Usiotiwa Rangi: Namna ya Kuuchagua na Kuutunza

Wageni wanaotutembelea hapa Mikindani, mkoani Mtwara, huniuliza kwa nini sebuleni nimetandika mikeka isiyotiwa rangi, ilhali ile ya zambarau na kijani haikosekani. Jibu langu ni kwamba rangi huficha mengi, na mimi napenda kuiona kazi ya msusi ilivyo.

Mkeka wa ukindu huanzia kwenye makuti machanga ya mkindu, yale ambayo hayajachanua. Makuti hayo huanikwa juani mpaka ukijani utoke, kisha majani huchanwa kwa upana mmoja na kusukwa kuwa ukili mrefu, ambao hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upate upana wake. Kwa kuwa majani hayakauki sawasawa, ukili huwa mweupe hapa na kuelekea manjano pale, na mkeka ukitumika miaka kadhaa hugeuka rangi ya asali. Uzuri huo hauwezi kununuliwa ukiwa tayari. Ni lazima mtu aukalie.

Unapochagua, ugeuze mkeka na upitishe vidole kwenye mishono, kisha uunyanyue dhidi ya mwanga: mwanga ukipenya kati ya ukili na ukili, mshono umelegea. Kagua pindo kwa makini, maana ndilo linaloanza kufumuka. Madoadoa meusi yenye harufu ya uvundo ni ukungu, na asikushawishi mtu kwamba ndiyo asili ya majani.

Adui mkubwa ni unyevu, hasa katika mvua za Desemba hadi Aprili, wakati sakafu ya saruji nayo hutoa jasho. Kila asubuhi uinue mkeka upate hewa upande wa chini. Ukichafuka, upanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri na uuanike kivulini penye upepo, kwani jua kali la siku nzima huyafanya majani yakatike. Unapouhifadhi, uuviringe, kwani ukiukunja utavunjika palepale penye mkunjo.

Wanaotaka zulia zito wanaweza kutumia la katani isiyotiwa rangi. Mkonge, mmea unaotoa katani, uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na Lindi ikawa mojawapo ya sehemu zilizolimwa mashamba makubwa. Zulia hilo hupendeza sebuleni, lakini maji yakilimwagikia huacha alama isiyotoka kirahisi (chai ndiyo usiseme), hivyo mlangoni ni afadhali kutandika la makumbi ya nazi, ambalo kahawia yake ya asili huvumilia miguu yenye matope.

Kuhusu bei, wapo wanaodai wapunguziwe kwa hoja kwamba mkeka usio na rangi haujakamilika. Msusi asiyetumia rangi hana pa kufichia jani lenye doa, kwa hiyo hulazimika kuyachambua majani yote na kutupa mengi kabla hajaanza kusuka, na kazi hiyo nayo inastahili kulipwa.