Kuandika andiko la maonyesho kwa jumba la sanaa la chuo

Dada, umeuliza kama utume picha 40 za kazi za wasanii wako 5 na barua. Hapana. Hiyo ni albamu, si andiko, yaani pendekezo la kuomba nafasi ya kuonyesha. Jumba la chuo linataka hoja: kwa nini kazi hizi zikae chumba kimoja, na mwanafunzi atajifunza nini hapo. Iseme kwenye aya ya kwanza, kurasa 2 zatosha.

Kwa kuwa unalenga Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, una bahati. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa pale miaka ya 1930, na wachoraji Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wa Kilimanjaro, walisoma hapo. Ukionyesha wachoraji wako wa Moshi wanavyojibizana na historia hiyo, msomaji wako atakaa sawa kitini.

Sasa orodha ya kazi, maana hapo ndipo wengi huanguka: jina, mwaka, malighafi, vipimo kwa sentimita, na mwenye kazi. Mimi niliwahi kuandika "kubwa" badala ya vipimo. Turubai ilifika, mlango ukaikataa, tukaibandua kwenye fremu pale barazani huku mvua inanyesha! Ambatanisha pia barua ya kila mwenye kazi kukubali kuiazimisha.

Bajeti usiifiche: usafiri, bima, fremu, lebo, na ushuru wa mpakani. Na tuma mapema, mwaka mzima kabla ikiwezekana. Kalenda ya chuo haimsubiri mtu, na wakati wa likizo utawaonyesha walinzi tu.