Gemu za muda kujirudia, zinanoga au zinachosha?

Mkuu umeuliza kama gemu ambayo muda unajirudia inaweza kunoga au ni kufanya yaleyale mpaka uchoke. Inanoga sana tu, ila inategemea ukianza upya unabaki na nini mkononi. Cheki Outer Wilds ya 2019, kila baada ya dakika 22 jua linalipuka unakufa unaamka pembeni ya moto uleule, hakuna levo wala silaha mpya, unabaki na ulichojifunza na kompyuta ya chombo chako cha anga inakutunzia kumbukumbu, mfano ukishajua mchanga unamwagika toka sayari ya Ash Twin kwenda sayari ya Ember Twin basi raundi ijayo unayawahi mapango ya Ember kabla hayajajaa. Hapo kufa wala hakuumi.

Majora's Mask ya 2000 ni siku tatu zinazojirudia, ukirudisha muda hela zinapotea usipoweka benki (benki inakumbuka, usiniulize kivipi).

Zinazoboa ni zile za kusikiliza maongezi yaleyale tena na huwezi kuruka. Kama hupendi kusomasoma na kudadisi anza na Deathloop, ile ina bunduki na kuna namna ya kubaki nazo raundi inayofuata.