Jiwe la Onyo Liwekwe Wapi, Liandikwe Nini?

Assalamu alaikum. Hapa Shela, Lamu, tumechangishana tuweke jiwe la kuwakumbusha watoto wetu tsunami ya 2004, kama walivyofanya Wajapani. Tuandike nini, na tulijenge vipi lisiliwe na chumvi? (Kamati ya vijana)

Waalaikum salaam. Jiwe la Kijapani linalotajwa sana liko Aneyoshi, mkoani Iwate. Tsunami ya 1896 iliacha watu 2 tu hai kijijini hapo. Ya 1933 ikaacha 4. Waliobaki wakahamia juu, wakasimamisha jiwe lenye amri moja: msijenge nyumba chini ya hapa. Mwaka 2011 maji yalipanda bonde lile yakakomea mita 100 hivi kabla ya kulifikia.

Lakini msinakili maneno ya wenzenu. Kisiwani Simeulue, Indonesia, wazee walirithisha tangu 1907 masimulizi ya smong: ardhi ikitikisika sana kisha bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani. Mwaka 2004 walikufa 7 tu kati ya watu zaidi ya 70,000. Kwetu Lamu onyo hilo lina hatari. Tetemeko lilipiga Sumatra karibu na saa kumi alfajiri kwa saa za huku, wimbi likafika Kenya mchana, na hapakutikisika kitu. Anayengoja mtikisiko atangoja hadi maji yamfike kiunoni. Dalili yetu ni bahari yenyewe, na watu wa Lamu wanajua bamvua (maji makuu) na maji mafu (maji madogo) tangu utotoni. Sisi tungeandika hivi:

MAJI YAKIPWA AU YAKIJAA NJE YA WAKATI WAKE, PANDA JUU. USISHUKE KUOKOTA SAMAKI. MAWIMBI NI MENGI, LA KWANZA HUENDA SI KUBWA. USIRUDI MPAKA UAMBIWE.

Mwaka ule Kenya alikufa mtu 1, Somalia karibu 300. Wimbi lilitukuta maji yamekupwa. Lingefika wakati wa bamvua limejaa, hesabu ingekuwa nyingine. Watoto waambiwe na hilo, wasije wakadhani bahari yetu haina neno.

Liwekeni mwanzo wa njia ya kupandia vilima vya mchanga, si ufukweni. Nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi iwe funzo: mwamba wa matumbawe unaoibeba umekuwa ukiliwa na mawimbi.

Kuhusu ujenzi, jiwe la zege nene na fupi halihitaji nondo, na tunawasihi msiweke. Chumvi hupenya zege, nondo ikapata kutu, kutu ikavimba na kupasua kila kitu. Jiwe la sentimita 60 kwa 40, urefu mita 1 na nusu, theluthi yake ikiwa ardhini, litakula mifuko 2 na nusu ya saruji ya kilo 50. Changanyeni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, kwa maji baridi ya kisima yasiyo na chumvi. Mchanga wa ufukweni msiuguse. Likishamwagwa, lifunikeni magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni kwa siku 7, maana upepo wa kaskazi hukausha uso kabla ya ndani na nyufa huanzia hapo. Maneno yachongwe kwenye bamba la matale (graniti), kina milimita 5 au zaidi, herufi za milimita 40. Shaba itang'olewa ikauzwe chuma chakavu. Jiwe la matumbawe ni laini, herufi zitafutika.

Sabaki ilipofurika maji yaliingia hadi shuleni kwetu. Tunataka kuchora alama ya yalipofika. Tuipimeje? (Mwalimu, Malindi)

Mwalimu, wahini kabla kuta hazijaoshwa. Tumieni mstari wa tope ulio ndani ya darasa. Ukuta wa nje hurukiwa na maji, kwa hiyo mstari wake huwa juu kuliko ukweli. Pimeni majengo 3 au 4 yaliyo karibu. Mstari mmoja ukitofautiana sana na mingine, uacheni. Kuhamishia kimo kwenye ukuta mwingine, chukueni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa mita 10 au 15, mkautia maji: kwenye ncha zote mbili husimama kimo kimoja. Toeni viputo vyote, kwani kimoja tu huharibu kipimo, na usikunjike popote. Chongeni mstari wenyewe penye kimo, tarehe iwe juu yake, ili asiwepo wa kuuliza kimo ni mstari au maandishi.

Ongezeni sentensi hii: MAJI HUTOKA BARA, USINGOJE MVUA YA HAPA. Sabaki ndiyo Athi inayoanzia upande wa Nairobi, nayo huweza kufurika Malindi kukiwa na jua kali.

Mawe haya watu huyasoma kweli? (Msomaji, Lamu)

Si kila mara. Mjini Saka, Hiroshima, palikuwa na jiwe la mafuriko ya 1907, na bado mafuriko ya 2018 yaliua watu palepale. Mwaka uliofuata Japani ikaanza kuyaonyesha mawe ya namna hiyo kwenye ramani zake za taifa kwa alama maalumu. Kwetu tungeanza na chokaa: kila tarehe 26 Desemba, siku ya tsunami ile ya 2004, shule zikiwa zimefungwa, watoto walipake jiwe upya na mzee mmoja awasomee maandishi. Chokaa isiingie ndani ya herufi, itaziba. Hizo zipakwe rangi nyeusi kwa brashi ndogo.