Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Maswali Yenu Kuhusu Shokapu za Magari Yaliyoinuliwa

SWALI: Gari langu ni la ekseli nzima (mhimili mmoja kutoka gurudumu hadi gurudumu) mbele na nyuma. Nimeweka springi mpya za koili na limepanda milimita 50. Shokapu ni zilezile za mwanzo na bado zina nguvu, lakini kila gurudumu la nyuma likidondokea shimoni nasikia mlio mkavu wa chuma. Fundi ananiambia ninunue tu shokapu zilizoandikwa "inchi mbili", yaani za gari lililoinuliwa kwa kiasi hicho. Inatosha?

JIBU: Mlio huo ni wa shokapu kufika mwisho wa kufunguka. Kwa kupandisha gari milimita 50, umekula milimita 50 za safari yake ya kwenda chini. Hata gari likiwa limesimama, fimbo imeshatoka nje kwa kiasi hicho. Gurudumu likining'inia kidogo tu, pistoni inagonga kwenye mwongozo wa fimbo, na uzito wa ekseli, rimu na tairi unabaki kwenye bushi na bolti za shokapu. Usiende nazo porini hivyo. Kitakachofuata ni sili kuvuja au jicho la shokapu, yaani pete inayopitisha bolti, kung'oka.

Shokapu mpya unazihitaji, ila maandishi ya kwenye boksi ni makadirio. Aliyeyaandika hajui raba zako za kuzuia ekseli isigonge chasisi zina urefu gani wala gari lako linabeba nini. Kinachoamua ni vipimo viwili, urefu wa shokapu ikiwa imefungwa kabisa na ikiwa imefunguka kabisa, kutoka katikati ya bolti ya juu hadi katikati ya bolti ya chini.

Egesha mahali tambarare, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pima bolti hadi bolti. Tuseme umepata milimita 480. Pima nafasi kati ya ekseli na raba ya kuzuia, tuseme 90. Raba nayo ikigongwa kwa nguvu hubonyea karibu nusu ya urefu wake, kwa hiyo raba ya milimita 60 inaachia 30 nyingine. Jumla ni 120. Toa 120 kwenye 480, unabaki na 360. Toa tena 15 za usalama. Shokapu yako ikifungwa isizidi 345.

Sasa nyanyua chasisi, iweke juu ya stendi imara, fungua shokapu, kisha shusha ekseli taratibu kwa jeki. Simama pale hozi ya breki inapokaribia kukaza au springi inapoanza kulegea kwenye kikalio chake, chochote kitakachotangulia. Pima tena, tuseme 600.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kutoka 345 hadi 600 ni safari ya milimita 255, na shokapu ya kawaida ya urefu huo haiwezi kuifikia. Pistoni, mwongozo wa fimbo, sili na macho mawili vinachukua nafasi isiyobonyea, mara nyingi milimita 100 na zaidi. Tukichukua 120, shokapu ya 345 itafunguka hadi 570 tu. Mnunuzi anaona 30 zimepungua, anachukua iliyo ndefu zaidi, na anaharibu gari. Upungufu wa 30 upande wa chini unakunyima mshuko kidogo wa gurudumu, basi. Upungufu wa 30 upande wa juu unaifanya shokapu ndiyo iwe kizuizi, na gari zima linatua juu ya fimbo. Fimbo inapinda, au kishikio kinachanika kwenye chasisi. Urefu wa kufungwa ndio uheshimiwe kwanza.

Kama unazitaka hizo 600, chukua shokapu ya 360 kwa 600 na ushushe raba ya kuzuia kwa kipande cha chuma cha milimita 15. Ukibaki na ile ya 570, funga mkanda wa kuzuia ekseli ili mkanda ukaze kabla shokapu haijafika mwisho.

Hesabu hii inafaa kwa shokapu iliyosimama wima au karibu na wima. Ikiwa imelala, toa springi, pandisha ekseli kwa jeki hadi kwenye raba, upime shokapu yenyewe ilivyokaa. Rudia upande mmoja ukiwa juu na mwingine ukining'inia. Shokapu iliyofungwa nje ya raba, karibu zaidi na gurudumu, hubonyea zaidi katika mkao huo kuliko ekseli ikipanda sawasawa.

SWALI: Nimeinua bodi peke yake, kwa vibao kati ya bodi na chasisi. Nibadilishe shokapu?

JIBU: Hapana. Chasisi na ekseli zimebaki palepale, na shokapu imefungwa kati ya hivyo viwili.

SWALI: Shokapu ya mrija mmoja au ya mirija miwili? Natembea sana barabara za vumbi zenye mawimbi, kwa saa nyingi mfululizo.

JIBU: Kwa matumizi hayo tungechukua ya mrija mmoja. Kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, na mawimbi madogo ya barabarani huifanyisha kazi hiyo bila kupumzika. Kwenye mirija miwili joto lazima livuke mrija wa ndani na oili ya nje kabla ya kufika hewani. Tena oili na gesi vinaweza kuchanganyika vikawa povu. Povu likipita kwenye valvu halina ukinzani, na ghafla gari linaelea. Kwenye mrija mmoja, pistoni inayoelea hutenga oili na gesi ya nitrojeni yenye mgandamizo mkubwa, na ukuta wa mrija unaguswa na upepo moja kwa moja.

Udhaifu wake ni mawe. Pistoni inateleza kwenye mrija huohuo wa nje, hivyo jiwe likiubonyeza kidogo tu, pistoni inakwama au inachana sili yake. Ya mirija miwili huvumilia kovu kama hilo. Ukienda kwenye miamba, ifunge kinga. Chupa ya pembeni, inayounganishwa na shokapu kwa hozi, huongeza oili na nafasi ya gesi, ila hakikisha hozi yake haisuguani na tairi usukani ukikatwa hadi mwisho.

SWALI: Nilinunua shokapu ngumu kuliko zote. Kwenye mawimbi gari linatetemesha meno, na kadiri ninavyokwenda naona kama nyuma inashuka. Springi ni nzima.

JIBU: Inashuka kweli. Shokapu ina ukinzani wa aina mbili, wa kubonyea na wa kufunguka. Wako wa kufunguka umezidi nguvu ya springi. Gurudumu linapanda wimbi la kwanza, na kabla springi haijalisukuma chini linakutana na la pili, kisha la tatu. Mwishowe unatembea juu ya raba za kuzuia.

Springi ngumu na tairi nzito huhitaji ukinzani zaidi, lakini kwa kipimo. Zenye kirekebisho, punguza hatua mbili, pita barabara ileile kwa mwendo uleule, uangalie. Zisizo nacho, tafuta zilizopangwa kwa ugumu wa springi zako. Kagua pia ulalo wa shokapu. Ikiinama nyuzi 30 kutoka wima, gurudumu linapata robo tatu tu ya nguvu yake. Nyuzi 45, nusu. Kuna gari linaloonekana kuwa na shokapu laini, kumbe zimelala.

SWALI: Mbele magurudumu yanajitegemea. Nimeweka kibao cha milimita 25 juu ya shokapu yenye springi, gari likapanda karibu 50. Imekuwaje?

JIBU: Shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, siyo kwenye gurudumu lenyewe. Ikisogea 25, ncha ya mkono inasogea karibu mara mbili. Angalia juu na chini. Gurudumu likining'inia, boljointi na drive shafti zinafika pembe kali. Zungusha gurudumu kwa mkono usikilize kama kuna kukwama. Likibonyea, shokapu nzima imekuwa ndefu kwa 25, hivyo inaweza kugonga mwisho kabla ya raba. Afadhali shokapu iliyotengenezwa kwa urefu huo, bila kibao.

SWALI: Shokapu mpya, lakini bushi zimepasuka mapema.

JIBU: Bolti zilikazwa magurudumu yakiwa hewani. Gari likishuka, raba inajisokota na kubaki hivyo. Zishike tu kwa nati, teremsha gari, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Na za mirija miwili, kabla ya kuzifunga zisimamishe wima, fimbo juu, uzibonyeze na kuzifungua mara nne au tano hadi zisiwe na nafasi tupu. Zikilazwa ghalani hewa huingia kwenye mrija wa kazi.