Neno Lililomnyoa Ami Yangu Ndevu

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Vijana wa vyama na wanafunzi wa vyuo vikuu wanaitana 'komredi'. Je, ni jina la heshima au limepitwa na wakati?" Nimelisoma mchana nikaliweka, usiku nikalirudia. Mimi mtu wa Kikwajuni, Unguja, nimezaliwa 1963. Kwa watu wa rika langu suala la heshima halikuwapo. Tulichotaka kujua ni nani kakuita hivyo, na nani mwengine kasikia.

Wakubwa wenzangu wanaijua habari hii, lakini vijana nitawagusia. Mwaka ule niliozaliwa, Abdulrahman Babu, aliyekuwa katibu mkuu wa Hizbu, yaani chama cha Zanzibar Nationalist Party, alijitoa akaunda chama cha Umma. Wafuasi wake, wengi wao vijana na watu wa vyama vya wafanyakazi, wakaitana makomredi. Asili ya neno ni Kihispania, camarada, mtu mnayelala naye chumba kimoja, na askari walikuwa wakiwaita hivyo wenzao wa kambini. Katika karne ya 19 wasoshalisti wa Ulaya wakalifanya lao, na lilipofika Zanzibar lilikuwa limeshambeba Marx na Lenin mgongoni. Baadhi ya vijana wa Umma walikuwa wamepita Kuba kwa mafunzo. Walirudi na ndevu na kofia za kijeshi, na Januari 1964 wakasikika mitaani wakipiga ukelele wa "Venceremos", yaani tutashinda. Waandishi wa kigeni wakatangaza kuwa Wakuba wameingia Unguja, na Zanzibar ikapachikwa jina la Kuba ya Afrika. Wale hawakuwa Wakuba. Walikuwa watoto wa mjini, mama zao wanajulikana.

Umma ilipigwa marufuku siku chache kabla ya Mapinduzi, na baada ya Mapinduzi watu wake wakaingia Afro-Shirazi, chama kilichoshika serikali, wengine wakapata vyeo vikubwa. Kwa hiyo kwa miaka michache komredi lilikuwa jina la mtu wa kuogopwa kidogo na kusalimiwa sana. Lakini pembeni, barazani na kwenye misiba, neno lilikuwa na maana nyengine. Komredi alikuwa mtu asiye na dini. Aliyemtaka mwenzake ubaya hakuhangaika kujadili mashamba yagawiwe vipi au bandari iendeshwe na nani. Alisema tu, "Huyo komredi huyo," akanyamaza, na waliomsikia wakamalizia wenyewe kichwani: haswali, hafungi, hamwamini Mungu. Katika mji kama wetu hilo linatosha kumvunja mtu posa.

Ami yangu, mdogo wake baba, alivunjikiwa posa kwa hilo. Naye akiswali. Alikuwa karani gatini, akipenda kusoma, akipenda ubishi, na akifuga ndevu.

Sasa nitaandika juu ya ndevu hizo, na mhariri anisamehe kwa urefu.

Jioni ya Ijumaa, 7 Aprili 1972, Mzee Karume, rais wa Zanzibar, aliuawa Kisiwandui. Kutoka kwetu si mbali. Usiku ule hakuna aliyelala nyumbani, ila sisi watoto tuliambiwa tufumbe macho. Kabla ya alfajiri nikasikia maji yanamiminwa uwani. Nikatoka. Bibi alikuwa ameshika kandili mkono mmoja na kioo mkono wa pili, kioo cha mviringo chenye ufa kutoka juu mpaka kati. Ami kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, maana ndiyo iliyokuwa karibu, na mbele yake beseni la bati. Sabuni ilikuwa ya kufulia. Wembe ulikuwa wa zamani, unavuta nywele badala ya kuzikata, na kila ulipovuta alifumba jicho moja. Alijikata kidevuni, bibi akambandika kipande cha gazeti. Hawakusemezana. Bibi alisema mara moja tu, "Na hapo chini ya sikio."

Zilipokwisha ndevu ndipo tukaona. Ngozi ya chini ilikuwa nyeupe kuliko uso mwengine, kama mtu aliyevaa kitambaa miaka kumi akakivua. Hata mtoto wa miaka tisa angejua kuwa huyu kanyoa leo. Bibi akaenda jikoni akarudi na mafuta ya nazi na masizi aliyoyakwangua kwenye sufuria. Akayachanganya kiganjani, akampaka taya lote taratibu, kama anavyompaka mtoto mchanga. Akasogeza kandili. Ikawa mbaya zaidi. Akachukua upindo wa kanga akaanza kuyafuta, na hapo ndipo mikono yake ilipoanza kutetemeka, siyo kabla.

Ndevu zenyewe hakuzitupa jaani, maana jaa halifichi kitu. Alizikusanya zote, mpaka zile zilizoelea kwenye beseni, akazitia kwenye seredani ya makaa. Chai ya asubuhi ile tuliinywa na harufu ya nywele zilizoungua, na hakuna aliyeuliza.

Walikuja Jumatatu. Watu watatu, hawakuvaa sare. Mmoja akamtazama ami usoni, akanyosha kidole karibu na taya bila ya kumgusa, akauliza, "Komredi, umenyoa lini?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya changu sokoni. Ami hakujibu. Wakaondoka naye, akarudi baada ya miaka miwili na miezi.

Katika muda ule neno lilihamia kwetu sote. Kwenye foleni ya unga mwanamke mmoja, tuliyekuwa tukimwita mama mkubwa, alinisalimu kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Komredi wenu hajambo?" Watu wawili waliokuwa nyuma yangu wakasogea hatua moja. Chuoni, tulikosoma Kurani, wenzangu wakaniimbia, "Komredi, ndevu ziko wapi?" Maalimu aliwakanya, lakini na yeye hakunitazama.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kuelewa mpaka leo. Mdogo wangu alizaliwa hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo enzi hizo ikiitwa V. I. Lenin. Nyumba za ghorofa pale Kikwajuni zilijengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na Michenzani nayo ikipanda kwa mpango huohuo. Madaktari wa Kichina tuliwazoea. Mtu angeweza kuzaliwa kwa Lenin, akakaa kwenye nyumba ya wakomunisti, akatibiwa na wakomunisti, kisha jirani yake akapotea kwa kuitwa komredi, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo neno halikuwa likisema mtu anaamini nini. Lilikuwa likisema mtu huyu hana wa kumtetea.

Sitaki kudanganya. Katika walioshtakiwa kwa mauaji yale walikuwamo waliotokea Umma, na kiongozi wa nchi aliuawa kweli. Kesi ikaendeshwa 1973 hadi 1974, washtakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea, na Babu, aliyekuwa kizuizini Bara, akahukumiwa kifo bila ya kuwapo mahakamani. Aliachiwa 1978. Ami hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Alichukuliwa akiwa komredi, akarudishwa akiwa mtu mkimya, na ndevu hakufuga tena.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na jibu tayari: jina hili liachwe, wazikwe nalo waliokufa nalo. Nikiwaona wakubwa wa chama wanapandishwa jukwaani na mshereheshaji anawataja "komredi fulani, komredi fulani", moyo wangu hauwi sawa. Nataka kuuliza, nyinyi mlilipata wapi, na mlipokuwa mkilipokea mliambiwa lilikwisha kufanya nini?

Lakini nimekumbuka jioni moja Forodhani, katikati ya miaka ya 1990. Tumekaa na ami tunakula pweza. Mzee mmoja mrefu akasimama upande wa pili, akamtazama sana, kisha akaita kwa sauti ya kupasua, "Komredi!" Mimi nilitazama nyuma kuona nani kasikia. Tabia haifi. Ami yeye aliinuka, akavuta shati likae sawa, akafunga kifungo cha juu. Sijawahi kumwona akisimama vile tangu nilipokuwa mtoto. Wakakumbatiana, wakakaa mpaka wachuuzi wanazima taa, na hawakuitana kwa jina jengine usiku kucha. Njiani nikamlaumu. Nikamwambia, baba, jina lile lilikufunga. Akanijibu, "Yule aliyenichukua aliliazima tu. La kwetu hili."

Basi kama ni la kwao, mimi ni nani wa kulifungia kabatini? Jibu langu limegeuka nikiwa nalo mkononi. Itaneni. Wanafunzi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaogawana chumba kimoja cha bweni na sahani moja ya wali, nadhani wao wako karibu na maana ya mwanzo kuliko mtu yeyote wa jukwaani. Wao wanalistahiki, hata kama hawajui habari za Umma, ingawa ningependa wazijue. Kwa wakubwa bado nina kinyongo, na pengine si haki, kwani wamo miongoni mwao waliolala jela kwa ajili yake. Mimi mwenyewe sitalitumia. Neno ndugu linanitosha. Na anayelichukua hilo, au Hizbu, au jengine lolote, akambandika jirani ili watu wasogee hatua moja kwenye foleni, huyo sina la kumwambia ila kwamba mimi nilikuwa na miaka tisa, na namkumbuka mpaka kanga aliyovaa.

Jina la ami nimeliacha kwa makusudi. Alifariki kitandani kwake, alhamdulillahi, na sikuwahi kumwuliza kama angependa liandikwe pamoja na neno hili.