Maswali ya Wasomaji: Namba Moja ya Nani, na ya Wiki Gani?

*Mhariri, hujambo. Napiga muziki kwenye hoteli huku Casuarina, Malindi. Meneja anataka usiku wa kuamkia mwaka mpya nipige "nyimbo zote zilizoshika namba moja mwaka huu", saa nne mfululizo. Nimetafuta, nikapata orodha tano na hakuna mbili zinazofanana. Nifuate ipi? Na je, zitatosha hizo saa nne? — Dijei wa Casuarina*

Mrudie meneja umuulize: namba moja ya nchi gani? Orodha zako tano huenda zote ni sahihi, maana kila chati huhesabu watu wake kwa kanuni zake. Hot 100 ya jarida la Billboard ni ya Marekani, na hujumlisha usikilizaji wa mtandaoni, redio na mauzo. Ya Uingereza huhesabu mauzo na usikilizaji wa mtandaoni. Redio haimo kabisa. Italia ina ya kwake, hutolewa kila wiki na FIMI, shirikisho la makampuni ya muziki ya huko, na kwa hoteli ya Malindi hiyo si ya kuachwa. Mgeni wa Kiitaliano atataka kusikia nyimbo za tamasha la Sanremo, zile ambazo hujaza chati ya kwao kila likimalizika. Na hao wana la kujivunia: wimbo wa Domenico Modugno ulioanzia Sanremo mwaka 1958, ule watu wanaouita "Volare", ulishika namba moja Marekani wiki tano na Billboard wakauweka juu ya orodha ya mwaka huo mzima. Upige karibu na saa sita, uone meza zitakavyoamka.

Kuhusu saa nne: nyimbo hazitoshi. Saa nne ni dakika 240. Ukikata kila wimbo kwenye dakika ya tatu unahitaji nyimbo 80. Zamani namba moja zilipokezana upesi. Marekani mwaka 1975 zilikuwa 35, na Uingereza mwaka 2000 zilipita 40. Tangu usikilizaji wa mtandaoni uingie kwenye hesabu, wimbo mmoja unaweza kukalia kiti miezi mitatu minne. "Old Town Road" wa Lil Nas X ulikaa wiki 19 mwaka 2019. Basi usishangae ukipata chini ya 20 kwa nchi moja. Chukua daftari, andika namba moja za Marekani, Uingereza na Italia, futa zinazojirudia, kisha ongeza zilizokuwa juu kwenye Top 100 ya Kenya ya Apple Music. Pengo litakalobaki lijaze kwa nyimbo zilizofika namba mbili na tatu. Mwambie meneja mapema kwamba umefanya hivyo.

Yapo mambo matatu yatakayokuponyoka usipoangalia. La kwanza ni toleo. Chati aghalabu huhesabu wimbo na rimiksi yake kama kitu kimoja: huo wa Lil Nas X ulikaa juu karibu muda wote kwa toleo alilomshirikisha Billy Ray Cyrus, na "Despacito" ilipanda namba moja Marekani mwaka 2017 baada ya toleo la Justin Bieber kutoka. Pakua lile ambalo watu walilisikia, na kwa ukumbi wenye watoto tafuta toleo lililofutwa matusi.

La pili ni Januari. Chati yenye tarehe ya mwanzo wa Januari imehesabiwa wiki ya Krismasi, kwa hiyo juu yake mara nyingi utaukuta wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey. Wimbo huo ni wa 1994, ulifika namba moja Marekani kwa mara ya kwanza Desemba 2019, na sasa ni kama mgeni wa kila mwaka. Ukinakili orodha bila kuitazama utaupiga usiku wa mwaka mpya, na hapo hakuna atakayecheza.

La tatu ni sauti. Nyimbo za miaka ya 1970 zilirekodiwa kwa sauti ya chini kuliko za leo. Zilinganishe kwenye programu yako kabla ya siku yenyewe, si kwa kupandisha sauti kwa mkono ukumbini, kwa sababu ukisahau kuishusha, wimbo unaofuata utapasua spika.

*Salaam aleikum. Ndugu yangu ananibishia kwamba "Levitating" wa Dua Lipa ulikuwa wimbo wa kwanza wa mwaka 2021 Marekani. Nimepekua wiki zote, haukushika namba moja hata wiki moja. Nani mkweli? — Msomaji wa Langoni, Lamu*

Waaleikum salaam. Nyote wawili. Uliishia namba mbili, na bado ukaongoza orodha ya mwaka ya Hot 100. Si kosa la uchapaji, na si mara ya kwanza: "Breathe" wa Faith Hill mwaka 2000 na "Hanging by a Moment" wa Lifehouse mwaka 2001 zilifanya vivyo hivyo.

Namba moja ya wiki huuliza nani alikuwa mbele siku zile saba tu. Orodha ya mwaka hujumlisha wiki zote. Tufanye mfano wa kubuni. Wimbo A unakaa juu wiki 4, pointi 160 kila wiki, halafu unaporomoka na kuokota pointi 300 njiani: jumla 940. Wimbo B haupiti namba mbili, lakini unakaa wiki 30 kwa wastani wa pointi 90: jumla 2,700. B ameshinda mwaka, na A ndiye atakayekumbukwa kwa kelele. Mwaka 2020 "The Box" wa Roddy Ricch ulikaa namba moja wiki 11, nao "Blinding Lights" wa The Weeknd wiki 4 tu. Mwisho wa mwaka The Weeknd alikuwa wa kwanza na Ricch wa tatu.

Kuna na jambo la kalenda. Mwaka wa Billboard hauanzi Januari. Siku hizi hufungwa Oktoba, na hadi 2022 ulifungwa Novemba, ili orodha iwahi kuchapishwa Desemba. "Blinding Lights" ulitoka tarehe 29 Novemba 2019, kwa hiyo safari yake yote ya mwanzo ikaangukia hesabu ya 2020. Wimbo unaotoka Septemba hugawanywa vipande viwili, na mara nyingi hukosa nafasi ya juu katika miaka yote miwili.

*Tukiacha simu zetu zicheze wimbo usiku kucha, tunamsaidia msanii kupanda? Na mbona "Calm Down" wa Rema tuliusikiliza sana na haukufika namba moja Marekani? — Wasichana wa Muyeye, Malindi*

Mnamaliza bando bure. Spotify huhesabu mchezo baada ya sekunde 30, lakini mifumo hii huchuja marudio yasiyo ya kibinadamu, na kwenye chati za YouTube utazamaji ulionunuliwa kwa tangazo hauhesabiwi tangu 2019. Na hata marudio yenu yakihesabiwa, usikilizaji wa Muyeye huingia hesabu ya Kenya. Hot 100 huhesabu wa Marekani peke yao, na huko Rema alifika namba 3 mwaka 2023.

*Kikundi chetu cha vijana Mkomani kimepewa kipindi cha saa moja redioni kila Ijumaa. Tunataka chati yetu ya mji wa Lamu, kumi bora, na Desemba tutangaze wimbo wa mwaka. Tuanzie wapi? — Katibu*

Mnaweza, na wala hamhitaji kompyuta kubwa. Chati ya kwanza ya Uingereza, tarehe 14 Novemba 1952, ilitengenezwa kwa simu: Percy Dickins wa gazeti la New Musical Express alipiga maduka ya sahani za santuri kama 20, akauliza zipi zimeuzwa sana, akajumlisha.

Teueni vituo 20. Visiwe vyote vya Mkomani. Vibanda vya kuchomea nyimbo kwenye flashi, vinyozi, saluni, madijei wa harusi, mabaharia wa boti za Mokowe, bodaboda, hoteli mbili za Shela na si zaidi. Mkichukua hoteli nyingi mtapata chati ya wageni. Msimchukue mtu ambaye ni meneja wa msanii au jamaa yake. Huyo ndiye atakayewaharibia.

Kila Alhamisi jioni pigeni simu. Kila kituo kitaje nyimbo kumi zilizoombwa au kuchezwa zaidi kuanzia Ijumaa iliyopita, kwa mpangilio. Ya kwanza pointi 10, ya kumi pointi 1. Wimbo uliotajwa wa kwanza na vituo vyote utapata 200. Msimsomee mtu orodha ya wiki iliyopita kabla hajataja yake, maana ataikariri tu na chati itaganda.

Pointi zikilingana, tazameni ni wimbo upi uliotajwa na vituo vingi. Bado zikilingana, wacheni zikae pamoja. Ile "12 bora" ya 1952 ilikuwa na nyimbo 15 kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna aliyekufa.

Wimbo uliokaa wiki 20 na sasa uko chini ya namba 8 utoeni, au mtatangaza majina yale yale hadi Pasaka. Billboard na Uingereza nao wana kanuni za kupunguza nguvu za nyimbo kongwe. Waingereza wana moja zaidi inayofaa kunakiliwa: msanii mmoja asiingize zaidi ya nyimbo tatu akiwa ndiye msanii mkuu wa wimbo. Waliiweka baada ya Ed Sheeran kujaza nafasi 16 kati ya 20 za juu mwezi Machi 2017. Kwenye kumi bora yenu, mbili zinatosha.

Mtihani wenu ni Ramadhani. Harusi husimama, spika hunyamaza, na vituo vitakavyojibu huenda vikawa 8 badala ya 20. Tangazeni chati kama kawaida, lakini kwenye hesabu ya mwaka jumlisheni pointi mbichi, msizigeuze asilimia. Wimbo uliopata 70 wiki hiyo ubaki na 70 zake. Mkigeuza asilimia, namba moja ya vituo 8 itakuwa na uzito sawa na namba moja ya wiki ya Idi, ambayo kila mtaa una harusi.

Fungeni mwaka wiki ya mwisho ya Novemba. Karatasi za kila Alhamisi zihifadhini kwa tarehe, na jina la kituo juu yake. Siku msanii atakapokuja ofisini kulalamika, mfungulieni faili ahesabu mwenyewe.