Dada wa Buswelu, hiyo mbolea ya urea iache ndani ya mfuko

Usiifungue. Kama umeshafungua, funga kamba, weka juu ya kabati.

Umeandika kwamba una sukuma wiki, mchicha, nyanya 40 zilizoanza maua na mipapai 6, kwamba mvua haijagusa ardhi tangu Mei, na majani ya chini ya nyanya yamekuwa ya njano. Kijana wa duka la pembejeo amekuambia "zinakosa chakula", utie urea kiganja kwa kila shina, halafu unyunyizie maji kidogo kila jioni. Unauliza uanze kesho au usubiri Jumamosi. Nimesoma nikaweka simu mezani nikatoka nje kupumua. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2022, nikiwa na nyanya 84 huku Nyegezi, Mwanza, na nikayatii.

Mwaka ule vuli ilisuasua. Huku kwetu Oktoba ikiingia kila mtu anaanza kutazama mawingu, na mimi nilikuwa nimepanda Agosti kwa kuitegemea. Siku bomba likitoka nilimwagilia, siku lisipotoka nilinunua madumu kwa kijana wa mkokoteni. Kufikia katikati ya Oktoba nyanya zilikuwa na matunda makubwa kama mayai ya kienyeji, mabichi, yamejaa shina zima. Mama lishe wawili walishanipa oda. Ndipo majani ya chini yakaanza njano kama ya kwako.

Nikaenda dukani. Aliyenihudumia alikuwa na koti jeupe, na mimi mtu mwenye koti jeupe nilikuwa namsikiliza. Hakuniuliza maji napata mara ngapi. Hakuniuliza udongo wangu ni wa namna gani. Alinyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka akanipimia kilo tano. Nikamuuliza, "Sasa hivi na jua hili?" Akasema ndiyo, tena jioni hii hii, zitashangaa. Mpaka leo nikipita pale moyo unanipanda. Mtu anakuuzia kitu cha kuua bustani yako na anakurudishia chenji kwa tabasamu. Kama hujui, sema hujui, au mwambie mteja aje na jani na konzi ya udongo uone kwanza. Ni swali moja tu lilikuwa linatakiwa: udongo una unyevu?

Nilitia jioni ile, kiganja kwa kila shina, nikanyunyizia juu juu na kopo lililotobolewa. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nikatoka na kikombe cha chai. Chembe nyeupe bado zilikuwa zimelala juu ya mchanga kama sukari iliyomwagika. Maji yangu yalikuwa hayajashuka hata kina cha ukucha. Harufu ilikuwa ile ya choo cha stendi, inachoma pua. Hadi saa tano kingo za majani zilikuwa za kahawia na zimejikunja, ukizigusa zinavunjika kama tumbaku. Siku ya tatu nikang'oa shina moja nione. Vile vizizi vyembamba ambavyo huwa vyeupe vilikuwa na rangi ya chai ya rangi, vinateleza vidoleni. Matunda yalibaki yananing'inia mabichi kwenye miti iliyokufa. Nyanya 73 zilikwenda. Wanaotaka kucheka wacheke, ila waje na ndoo.

Nielewe kwa nini, dada, usiishie kunitii tu kama nilivyomtii yule. Umewahi kutengeneza kachumbari? Unakata kitunguu, unatia chumvi, unageuka kuangalia jiko, ukirudi bakuli lina maji. Hakuna aliyeyamwaga humo. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Mbolea ya dukani ikiyeyuka ndani ya maji machache sana inaufanyia mzizi hivyohivyo: badala ya mzizi kunywa, unanyonywa. Na urea ni kali, asilimia 46 yake ni naitrojeni, chakula cha kukuza majani. Ikikaa juu ya udongo bila maji ya kuishusha, sehemu yake inageuka hewa ya amonia, ndiyo ile harufu. Kwa hiyo hata ile pesa uliyonunulia inapaa angani.

Na njano ile si njaa. Mmea ukikosa maji unajinyima wenyewe, unayaacha majani ya chini yafe ili kidogo kilichopo kiende kwenye ncha na matunda. Naitrojeni inaweza kuwa imejaa pale chini, ila mzizi hautafuni, unakunywa. Pasipo maji chakula hakipandi. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema kila nikiona swali hili: mmea wenye kiu haupewi mbolea. Maji kwanza, udongo ufunikwe, na mbolea isubiri mpaka mmea usimame wenyewe. Hata samadi mbichi ya kuku iogope, nayo inaunguza, iache ioze kwanza. Siku ikifika ya kutia urea, kipimo ni kifuniko cha soda kwa shina, si kiganja, unachimba kishimo pembeni ya shina, unafukia, unamwagilia papo hapo.

Sasa zile 11 zilizopona. Zilikuwa pembeni, karibu na ukuta. Urea iliniishia kabla sijafika, na pale chini watoto wa jirani walikuwa wamemwaga viroba viwili vya pumba za mpunga walipokuwa wanatafuta viroba vya kuchezea mpira. Niliwagombeza siku ile. Baada ya msiba wangu nikaenda kupekua zile pumba kwa mkono, saa nane mchana, jua la utosi. Juu palikuwa pa moto. Chini ya pumba, kama vidole vinne kwenda chini, mchanga ulikuwa wa baridi, ukiufinyanga unashikana. Hatua mbili kutoka hapo, kwenye mstari uliokufa, mchanga wa kina kilekile ulinimwagikia kati ya vidole kama unga. Maji yalikuwa yaleyale, ya dumu lilelile. Na mimi nilikuwa naufagia mstari ule kila Jumamosi, sibakizi jani, ili bustani ionekane safi. Nilikuwa naivua nguo.

Kwa hiyo kesho, badala ya urea, nenda kwenye mashine yoyote ya kukoboa mpunga. Omba zile pumba ngumu wanazorundika nyuma na kuzichoma, si zile laini za kulishia kuku, hizo wanauza. Zilowanishe kidogo, la sivyo upepo wa kiangazi utazipeleka kwa jirani. Tandaza unene wa vidole vitatu, uache nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaoza. Ukikosa, nyasi kavu zinafaa, majani ya migomba yanafaa. Ndugu zangu wa Igombe wanatumia magugu maji ya ziwani, lakini wanayakausha kabisa juani kwanza, nawe yakikufikia fanya hivyo.

Kuhusu maji ya kidogo kidogo kila jioni, hiyo nayo ifute. Udongo wetu mwingi huku ni luseni, mchanga uliotokana na haya mawe yetu, haushiki maji muda mrefu. Ukinyunyizia juu juu unalowesha ngozi tu, mizizi inapanda kuyafuata, na jua la kesho linaikuta huko juu. Mpe mmea maji ya kushuka. Mimi sasa naweka kama lita 15 kwa kila mita moja ya mraba, alfajiri, kila baada ya siku tatu, polepole, kopo kwa kopo mpaka yazame. Ni madumu yaleyale ya wiki, mgawanyo ndio tofauti.

Na matuta yako yashushe. Umesema umeinua matuta kama ulivyofundishwa shuleni. Tuta ni la masika, kazi yake ni kuondoa maji. Kiangazi tunataka kinyume. Tengeneza vijaruba, kama majaruba ya mpunga ila vidogo: eneo la kupandia liwe chini kiganja kimoja, kingo ziinuke. Kwa nyanya zilizokwishasimama usichimbe karibu na mizizi, zizungushie kingo ya udongo tu, kila shina na sahani yake. Mchicha mpya ndio uupande ndani ya kijaruba tangu mwanzo.

Majani kunywea saa saba mchana kusikutishe. Angalia jioni na angalia alfajiri. Yakiwa yamesimama alfajiri, mmea una maji. Yakiwa bado yamelala kabla jua halijatoka, hapo ndipo kuna shida.

Na ikiwa tayari umetia, maana umeandika jana usiku na sijui mkono wako una haraka kiasi gani: kwangua kwa kijiko chembe zote nyeupe zilizo juu ya udongo, zitoe nje ya bustani. Kisha shina baada ya shina mwaga maji mengi, ndoo nzima, urudie tena baada ya saa moja. Kwenye mchanga wetu maji yanaweza kuishusha chini ya mizizi ukiwahi siku hiyohiyo. Mimi nilikuja kushtuka siku ya tatu, na bomba lilikuwa halitoki.

Kesho kabla ya saa moja asubuhi chomeka kidole pembeni ya nyanya yoyote, mpaka pingili ya mwisho, halafu uandike hapa unyevu umeanzia wapi.